Kiingilio Bure, Nikatumia 39,100

Tangazo lilisema kiingilio ni bure, nami nikaliamini kama lilivyo. Nilirudi nyumbani Kwa Mrombo, Arusha, saa 4 usiku nikiwa nimetumia shilingi 39,100, mafua yananinyemelea, na rafiki yetu mmoja ameondoka bila kuaga. Mafua yalipona kwa wiki moja.

Naandika sasa kwa sababu watu wameanza tena kutumiana matangazo ya muziki wa bure bustanini, na najua wapo wanaopanga kwenda na marafiki kama tulivyopanga sisi. Nendeni. Muziki wa wazi, mmekaa kwenye nyasi, Mlima Meru umejitokeza nyuma ya jukwaa baada ya kujificha kwenye mawingu mchana kutwa, ni raha ambayo ukumbi wenye kiyoyozi hauwezi kukupa. Ila mnisikilize kidogo kwanza.

Sisi tuko sita. Tulifanya kazi pamoja miaka saba kwenye ghala moja la mbegu hapa Arusha, mpaka ghala lilipopunguza watu na kila mmoja akashika njia yake. Majina ya ghalani yametuganda: Fundi, aliyekuwa akitengeneza mashine za kupepeta, Mama Mapacha wa kufungasha, Mizani, ambaye kazi yake jina linaisema, Dada Stoo, Mwalimu, ambaye hajawahi kufundisha popote ila anapenda kusahihisha watu, na mimi, Hazina, kwa kuwa nilishika daftari la kufa na kuzikana. Ghala limeondoka, daftari limebaki. Lilihamia kwenye simu.

Walio kwenye makundi ya namna hii wananielewa. Tulikuwa tukikutana, ndiyo, lakini kila tulipokutana palikuwa na mchango nyuma yake. Harusi, sendofu, kipaimara, msiba, mtoto kalazwa. Na kila mchango una orodha yake: jina, ahadi, alichotoa, baki. Nilikuwa naituma asubuhi na jioni, jina la asiyetoa likiwa halina alama ya tiki, wote wakiliona. Sikuona ubaya. Niliona ni uwazi.

Kwa hiyo Juni mwaka jana nilipoona tangazo la muziki wa bure Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwenye bustani moja mjini si mbali na Mnara wa Saa, niliandika kwenye kundi: "Jamani, mara hii hakuna mchango. Twendeni tukacheke." Wote sita walikubali siku hiyohiyo. Hata Fundi, ambaye alikuwa kimya miezi mitatu.

Siku yenyewe tulikosea karibu kila kitu.

Tangazo lilisema saa 9 alasiri. Tukasema, kwa desturi zetu, saa 9 maana yake saa 11. Tukafika saa 11 na nusu, na kweli bendi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, ila nyasi zote nzuri zilishakaliwa. Tukapata sehemu mbele kabisa, upande wa kushoto, mita chache kutoka kwenye spika refu kama kabati la nguo. Tulijiona tuna bahati. Wimbo wa pili nikagundua kwamba simsikii mwimbaji. Ninachosikia ni besi, tena naisikia kifuani. Mapacha wa Mama Mapacha, wana miaka sita, walikuwa wameziba masikio kwa viganja. Usiku ule nililala masikio yakilia kama jiko la gesi linalovuja.

Halafu baridi. Mimi ni mzaliwa wa hapa na bado nilikwenda na blauzi ya mikono mifupi, kwa sababu nilipotoka nyumbani jua lilikuwa linawaka. Watu wa Dar es Salaam wakija Juni tunawacheka, wakati Arusha iko juu mita 1,400 hivi, na kuanzia Juni mpaka Agosti usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 12 au 13. Jua linazama saa 12 na nusu. Saa 1 nyasi zimeshaanza kulowa umande, na umande hauulizi umevaa sketi gani. Akapita kijana anauza shuka za Kimasai. Mchana, sokoni, shuka ile ningeipata kwa elfu kumi na mbili au chini yake. Saa 1 na nusu usiku, meno yanagongana, nikalipa elfu ishirini na kumshukuru.

Hayo ni makosa ya mwili. La moyo ndilo hili.

Kando ya bustani palikuwa na wachoma nyama. Moshi ukawa unatujia moja kwa moja. Mizani akasema, kwa sauti ile ya mtu aliyekwisha kuamua: "Jamani, tukae hivihivi kama tuko kwenye semina? Kila mtu elfu kumi, tuchukue mbuzi." Kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Mazoea. Dada Stoo akatoa, Mwalimu akatoa, Mama Mapacha akatoa huku ananung'unika kwamba watoto wake hawali mbuzi. Nikafika kwa Fundi. Kiganja changu kilikuwa wazi mbele ya kifua chake, na ndani yake tayari kuna noti nne nyekundu zimepangwa vizuri. Akaziangalia zile noti, hakuniangalia mimi. Akagusa mfuko wa shati, akasema, "Hazina, ngoja nipokee simu hii." Simu yake haikuwa imeita.

Tulikula nyama. Tulimwekea yake kwenye kipande cha gazeti mpaka ikaganda mafuta. Mwalimu akasema labda kakutana na mtu. Tukaondoka saa 3 na nusu, vifodi, zile daladala ndogo za kwetu, vimekwisha, bodaboda wamepandisha bei, nikalipa elfu tano.

Hesabu yangu ya siku hiyo, kwa wanaopenda hesabu: kifodi 600, mbuzi 10,000, soda mbili 2,000, maji 1,000, choo 500, shuka 20,000, bodaboda 5,000. Jumla 39,100. Kwa jambo la bure.

Siku mbili baadaye Mama Mapacha akanipigia. Mumewe alikuwa anarudi kazini usiku ule akamwona Fundi anatembea kwa miguu kuelekea Sakina, mikono mfukoni. Kazi ya kutengeneza redio na amplifaya aliyoifungua nyumbani ilikuwa imekauka. Watu wanasikiliza kila kitu kwenye simu, redio ikifa haizikwi wala haipelekwi kwa fundi. "Alikuwa na elfu mbili," Mama Mapacha akaniambia. "Ya kwenda na kurudi, na kununulia mtoto wake karanga. Ulimwambia hakuna mchango, Hazina. Ndiyo maana alikuja."

Hapo nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Nilimtumia Fundi elfu kumi kwenye simu, na ujumbe: "Ya nyama yako kaka, pole." Nilijiona nimetenda wema. Baada ya nusu saa pesa ikarudi. Elfu kumi kamili, na makato ya kuituma kayalipa yeye. Hakuandika neno.

Niliikodolea macho ile meseji ya kupokea pesa kwa muda mrefu. Mtu ambaye hana nauli amelipa makato ili asipokee nyama yangu.

Wakati huo ndipo nilipozungumza na binamu yangu aliyesoma Chicago, Marekani. Nilikuwa namlalamikia tu, sikutafuta ushauri. Akacheka, akaniambia kule kiangazi chao ni miezi hiihii ambayo sisi tunatafuta sweta, na katikati ya jiji wana muziki wa bure bustanini ulioanza mwaka 1935. Nikadhani ni mbwembwe za watu wenye pesa zao. Kumbe mwaka ule Marekani ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi, na wanamuziki wenyewe hawana kazi. Kiongozi wa chama cha wanamuziki wa jiji lile, James Petrillo, ndiye aliyesukuma yale maonyesho ya bure katika Grant Park. Tangu 2004 wanapigia kwenye jukwaa kubwa la Millennium Park, jirani hapohapo. Kuna viti mbele, na nyuma kuna uwanja wa nyasi ambao wanasema unaingia watu 7,000. "Kwenye nyasi," binamu akasema, "kila mtu anakuja na blanketi na chakula cha kwao. Wengine wana jibini na zabibu, mimi nilikuwa naenda na wali wa jana kwenye kontena. Hakuna anayejua nani ana nini, kwa sababu kila mtu anakula alichokuja nacho."

Wali wa jana ndio ulionifungua macho. Muziki wa bure ulibuniwa kwa ajili ya mtu kama Fundi, na sisi tulipofika tuliugeuza baa.

Julai nikaandika tena kwenye kundi. Mara hii nilifikiria kila neno kama mtu anayeandika barua ya posa. "Jumapili ya mwisho. Hakuna mchango, na hakuna kununua chakula kule. Kila mmoja aje na kilichopikwa kwake siku hiyo, hata kama ni kidogo. Tunaweka katikati ya mkeka. Saa 10 kamili." Mizani akajibu kwa kikaragosi cha kulia. Fundi hakujibu. Sikumpigia. Nilitaka sana kumpigia, lakini nilikuwa nimeshajifunza kwamba huruma yangu ina kelele.

Nilifika saa 10 kasoro. Bustani ilikuwa karibu tupu, vijana wanajaribu mitambo, "moja, mbili, moja, mbili," kama kawaida yao. Na Fundi alikuwepo. Amesimama karibu na lile turubai dogo la katikati ambako fundi mitambo ana meza yake ya vitufe, wanazungumza kama watu waliosoma shule moja. Mkononi ana chupa ya chai kubwa, ya zamani, ya maua mekundu. Mshikio wake wa plastiki ulikuwa umevunjika siku nyingi. Alikuwa ameufunga kwa waya wa spika, ule mwekundu na mweusi, ameuzungusha kwa nafasi sawasawa, mviringo juu ya mviringo, mpaka ukawa mzuri kuliko wa kiwandani. Akaniona nauangalia.

"Dada, shika uone," akasema. "Hauchomi."

Nikaushika. Hauchomi kweli. Hatukuzungumza habari ya mbuzi, wala ya elfu kumi, siku hiyo wala nyingine yoyote. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, nina sentensi zangu kabisa. Nikazimeza na chai.

Yeye ndiye aliyetuchagulia pa kukaa: nyuma tu ya ile meza ya mitambo, katikati, usawa wa jukwaa. Mizani akapinga, mbali mno. Fundi akamweleza kwamba yule kijana anapanga sauti kwa masikio yake, na masikio yake yako pale alipo. Ukikaa naye unasikia anachokisikia yeye. Ukikaa mbele pembeni unakula besi ya spika moja. Bendi ilikuwa ya dansi, wanapiga zilipendwa, na kwa mara ya kwanza nikasikia gitaa la solo na gitaa la rithimu yanavyojibizana, moja linauliza na lingine linapuuza. Watoto hawakuziba masikio. Tangu siku hiyo sijakaa kwingine, na nakushauri hivyohivyo, hasa ukiwa na watoto.

Kwenye mkeka palikuwa na makande, ndizi za kupika, maandazi, viazi karai, na loshoro ya Mwalimu ambayo Mizani, aliyelilia mbuzi wake wiki nzima, aliimaliza karibu peke yake. Kila kitu kilikuja kimefunikwa, kikafunuliwa pamoja. Nilichogundua ni kwamba vyombo vikifunuliwa kwa pamoja hakuna anayehesabu. Orodha haina pa kukaa.

Mambo mengine tuliyojifunza kwa maumivu ni ya kawaida tu, lakini nayasema. Chini ya mkeka tandika nailoni, la sivyo saa 1 utakuwa umekalia maji. Sweta ivae kabla hujasikia baridi, ukishatetemeka umechelewa. Choo nenda kabla jua halijazama. Mara ya kwanza nilisimama foleni nyimbo tatu nzima, na ndani hakukuwa na taa wala maji. Tochi ya simu husaidia, lakini simu yenyewe usiitoe hovyo kwenye msongamano wa kutokea, na usinyooshe mkono juu kurekodi onyesho zima. Kwanza hutaiangalia video hiyo maishani mwako. Pili, aliye nyuma yako alikuja kuona jukwaa, hakuja kuona simu yako.

Watoto waandikie namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Hili nalisema kwa sababu Agosti pacha mmoja alipotea. Dakika kumi na tano. Mama Mapacha aliacha viatu kwenye mkeka akakimbia pekupeku anaita jina, na bendi wakati huo imeshika moto, hakuna anayemsikia. Tulimpata kwa muuza mahindi, amesimama anatazama cheche zinavyoruka, hana habari kabisa. Alipoulizwa kwa nini hakurudi akasema alikuwa anasubiri tumkute. Tangu hapo tukifika tu tunawaonyesha watoto mti mmoja, tunaugusa pamoja, tunasema ukipotea njoo hapa.

Na usafiri. Wimbo wa mwisho ni mtego. Bendi inauweka mtamu makusudi, watu wote wanaondoka dakika moja, na bei ya bodaboda inapanda mbele ya macho yako. Sisi tunaondoka nyimbo mbili kabla. Inauma, sikatai. Lakini muziki unakusindikiza barabarani, na kifodi bado kipo. Julai nilitumia shilingi 1,700 tu, kwenda, kurudi na choo. Chakula sikihesabu, kingepikwa tu.

Nisiwapambe sana. Mshereheshaji anaongea mno, kati ya wimbo na wimbo unaweza kusali rozari. Umeme hukatika, na jenereta hukaa upande ambao upepo unaleta moshi kwako. Kuna walevi. Dada Stoo aliacha kuja, anasema kukaa chini kunamuumiza kiuno, na nadhani alikuwa anapenda zaidi zile siku za mbuzi. Hatukumbembeleza sana, jambo ambalo linanisumbua.

Na orodha? Bado ninayo, misiba haikomi. Ila sasa kila mtu ananitumia mwenyewe faraghani, na kwenye kundi naandika jumla tu. Mwalimu alilalamika kwamba hakuna uwazi. Nikamwambia aandike risala.

Oktoba tulikwenda mara ya mwisho. Tulijua vuli iko njiani, mawingu yalikuwa yameuziba mlima tangu asubuhi, lakini tukasema tujaribu. Wimbo wa nne matone yakaanza, makubwa, ya kuhesabika. Vijana wakarukia spika na maturubai, mpiga tumba akakumbatia tumba zake akakimbia nazo kama mtu anayeokoa watoto. Bustani nzima ikawa mbio. Sisi tukavuta nailoni kutoka chini ya mkeka, tukainua juu ya vichwa, kila mmoja ameshika ncha yake, watoto katikati. Maji yakawa yanajikusanya juu, na Mizani anayasukuma kwa kichwa ili yamwagikie upande wa Mwalimu.

Fundi alikuwa na mkono mmoja juu. Wa pili ulikuwa umeshika chupa, anatafuta kikombe cha nani kiko wazi.